Shimo moja la barabarani Tudor, mwaka mmoja na nusu wa picha. Leteni na za mitaa yenu

Jirani_wa_Tudor

Assalamu alaikum, na habari zenu wote wa Mombasa: kisiwani, Kisauni, Likoni na Changamwe.

Nina jambo nataka kulieleza kwa urefu, maana nimetembea nalo kwenye simu tangu Novemba 2023. Mtaikumbuka mvua ya El Niño ya mwaka ule, tulivyokuwa tukivuka barabara viatu mkononi. Wiki hiyo mamangu alikuwa akirudi kutoka kwenye hitma nyumba ya pili, akakanyaga dimbwi asilojua kina chake. Mguu ukateguka. Wiki sita hakutoka nje.

Nikaenda kwenye ofisi moja kulalamika. Kijana aliyenipokea, mtu wa adabu zake, akafungua daftari akanionyesha: shimo lile limeshazibwa, tena mara mbili. Nami nimetoka kulivuka asubuhi ileile! Sikuwa na kitu cha kumwonyesha ila mdomo wangu.

Siku hiyo, tarehe 14, nilipiga picha ya kwanza. Leo ninazo 131, zote za shimo moja, na zote nimezipiga nikiwa nimesimama pahali pamoja: ngazi ya pili ya duka la kona, bega la kushoto nimeliegemeza ukutani. Kushoto mwa picha utaona nguzo ya stima, kulia geti la kijani. Ndani ya shimo naweka rula ya shule ya sentimita 30, na kama kuna maji naisimamisha. Saa yangu ni kumi na moja jioni. Saa sita mchana jua liko utosini na shimo lote linaonekana bapa kama sahani, lakini jioni jua linalala, ukingo unatupa kivuli ndani na kina chake unakiona hata bila rula.

Nawawekea saba kwanza.

*Picha ya 1, Novemba 2023.* Maji ya kahawia. Rula imezama hadi 17. Mama muuza viazi karai amechomeka tawi la mwarobaini katikati ili tuktuk zisitumbukie.

*Picha ya 9, Januari 2024.* Kiraka kipya, cheusi, mviringo. Kokoto zimetapakaa pembeni.

*Picha ya 15, Februari 2024.* Ufa umezunguka kiraka chote. Upepo ni wa kaskazi, hatujaona tone la mvua kwa wiki kadhaa, na angalieni: lami pale kwenye ufa ni mbichi. Imelowa.

*Picha ya 22, Machi 2024.* Ramadhani, nimeipiga kabla ya kufuturu. Katikati ya kiraka kumebonyea, unaweza kuweka bakuli la uji.

*Picha ya 41, Mei 2024.* Masika. Kiraka kimeng'oka kizimakizima, kimelala kando kama chapati.

*Picha ya 58, Agosti 2024.* Kiraka cha pili, kikubwa zaidi.

*Picha ya 77, Novemba 2024.* Shimo limerudi, na sasa limepanda upande wa nguzo ya stima.

Mtu akiniona na picha moja ananiambia mji wote una mashimo, nami nitamjibu nini? Hizi zikipangwa kwa tarehe zinasema kitu kingine kabisa: hapa pamezibwa mara mbili mbele ya macho yangu, pesa zikatumika, na mara zote mbili paliharibika kwa namna ileile. Kuna sababu chini pale. Mimi si mhandisi, sijui ni ipi. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

---

Kijana_wa_Majengo

Kaka, pole kwa mama. Lakini nikuulize kwa heshima, picha 131 zimeziba nini? Kwetu Majengo vijana tulichanga, tukanunua saruji mifuko miwili, mchanga na mawe, tukajaza wenyewe Jumapili moja. Tuktuk zinapita.

---

Msimamizi_Lami

Nimefanya kazi kwenye magenge ya barabara miaka 19, mengi ya hayo hapa Mombasa. Jirani wa Tudor, hizi picha zako nimezikuza moja moja. Naomba niseme ninayoyaona.

Kile kiraka cha Januari ni cha mviringo na kingo zake zimekufa kwa kupungua, nyembamba kama ukingo wa mkate wa kumimina. Kiraka cha haki hukatwa pembe nne, kuta zikasimama wima. Unachimba mpaka ukute tabaka gumu ambalo halitikisiki, unafagia vumbi lote, unapaka lami ya maji kwenye kuta na chini ili kipya kishikane na cha zamani, halafu unajaza kwa matabaka na kila tabaka unalishindilia. Ukingo mwembamba haubebi gurudumu. Unavunjika wiki ya kwanza, maji yanapata mlango.

Na niseme kwa niaba ya wenzangu, maana watu hutuona wavivu. Lami ya moto lazima ilazwe ikiwa moto. Gari likikwama kwenye foleni ya malori ya bandarini, likifika Tudor mzigo umeshapoa. Ukishindilia lami iliyopoa haifungi, inabaki na matundu. Genge linaamrishwa limwage hivyohivyo. Nimewahi kukataa, na nimewahi kutokataa, na hiyo ya pili inaniuma mpaka leo.

Kijana wa Majengo, moyo wenu ni mzuri na Mungu awalipe. Lakini saruji ndani ya lami ni kizibo kigumu ndani ya kitu laini. Lami inajipinda kidogo kila gari linapopita, saruji haijipindi. Pigeni picha ya kingo zake sasa, na mpige tena baada ya masika. Nitafurahi nikiwa nimekosea.

Lile la lami mbichi wakati wa kaskazi ndilo linanisumbua. Kiraka kibaya hakilowi chenyewe.

---

Bi_Kibokoni

Jirani wa Tudor, mpe mama salamu zangu, mwambie asiache kukanda kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu.

Nawaletea ya kwetu Mji wa Kale. Nina picha ya mwaka 1968, kaka zangu watatu wamekaa barazani siku ya Idi, kanzu zimepigwa pasi. Chini ya miguu yao kuna ngazi tatu mpaka ndiani. Nimezihesabu kwa kidole. Leo ngazi zimebaki moja na nusu. Nyumba haikuzama, wanangu. Ndia ndiyo iliyopanda! Lami juu ya lami, halafu kabro, yale matofali ya zege, juu ya hayo yote. Mvua ikinyesha sasa, maji yanapiga hodi mlangoni.

Na ndani ya nyumba yanapanda ukutani. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko. Chokaa hupumua, maji yakiingia hutoka. Fundi mmoja alinishauri nipige plasta ya saruji, nikamkubalia, na lile ndilo kosa ninalolijutia zaidi katika nyumba ile. Unyevu ulifungiwa ndani, chumvi ikasukuma plasta ikatoka vipande vya ukubwa wa sinia. Nimepiga picha kila kipande kabla hakijafagiliwa.

Nina ombi kwenu vijana wenye simu. Mkija kupiga picha Kibokoni, Kuze au Ndia Kuu, mbishe hodi. Barazani hukaa watu wazima, dirishani kuna wanawake. Pigeni ndia, pigeni ukuta, na mwenye nyumba mwambieni ni ya nini. Hakuna atakayewakatalia, na huenda akawatolea albamu yake.

---

Jirani_wa_Tudor

Bi, shikamoo. Maneno yako nimemsomea mama, amecheka na ameitikia. Hiyo picha ya 1968 ina thamani kuliko zangu zote 131. Zile kadi za posta za zamani, zenye vigari vya reli vilivyosukumwa kwa mikono kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, watu huziangalia kwa ajili ya vigari. Nami nitaanza kuangalia vizingiti.

---

Fundi_Bomba_Kisauni

Salaam. Mimi mambo ya lami siyajui, ya mabomba nayajua.

Bwana wa Tudor, nina swali moja. Hizo siku ulizokuta pamelowa bila mvua, maji ya bomba yalikuwa yametoka mtaani kwenu?

---

Jirani_wa_Tudor

Sikuwahi kujiuliza hilo. Mgao wetu miezi ile ulikuwa Jumanne na Ijumaa. Nipe usiku huu.

---

Jirani_wa_Tudor

Nimekaa na kalenda mpaka saa saba usiku.

Nilizitoa kando picha zote za siku za mvua na siku iliyofuata mvua. Zilibaki 64 za siku kavu. Katika hizo 64, zenye lami mbichi ni 23. Na katika hizo 23, Jumanne au Ijumaa ni 21. Tarehe 6 Februari, Jumanne, mbichi. Tarehe 9, Ijumaa, mbichi. Tarehe 16, Ijumaa, mbichi. Tarehe 20, Jumanne, mbichi. Zile mbili zilizobaki ni Jumatano, siku iliyofuata mgao.

Mwaka na nusu jibu lilikuwa mfukoni mwangu na sikulisoma. Fundi, nikushukuru vipi?

---

Fundi_Bomba_Kisauni

Usinishukuru, mshukuru aliyekupa subira ya kupiga picha siku ambazo hakuna cha kuona.

Sasa nieleze kinachotokea. Maji ya Mombasa yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo kwa bomba la miaka ya 1950 lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kule Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Hayatoshi, kwa hiyo tunapokezana. Bomba lililojaa wakati wote huishi kwa amani. Bomba la mgao linakaa tupu siku mbili tatu, halafu linafunguliwa, maji yanakuja yakisukuma hewa mbele na kugonga kila kiungo na kila kona. Chuma cha zamani kilicholala kwenye udongo wa chumvi kwa miaka hakiwezi kuyastahimili hayo mara mbili kila wiki. Kinatoboka. Maji yanatoka polepole, yanaondoa udongo mwembamba chini ya lami, yanaacha pango. Gurudumu likipita juu, kiraka kinabonyea. Ndilo lile bakuli lako la uji la Machi.

Kuna jambo zito zaidi ya barabara, na ndilo limenifanya niandike. Siku bomba likiwa tupu, lile tundu linafyonza. Maji machafu ya dimbwi yanaingia ndani, na Jumanne yanakuja mpaka kwenye mitungi yenu. Chemsheni, au tieni dawa, mpaka lirekebishwe. Nawasihi.

---

Mtembezi_wa_Makupa

Nasoma uzi huu nikiwa kazini na siwezi kuuacha. Swali la haraka: askari hamuwaogopi? Mimi niliwahi kusimamishwa karibu na kivuko cha Likoni kwa kutoa simu tu.

---

Wakili_Mdogo

Barabara ya umma mtaani kwako piga, hakuna sheria inayokukataza. Bandari, kambi za jeshi na kivuko ni mambo ya ulinzi, pale weka simu mfukoni. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Maana yake unaweza kuomba kwa maandishi rekodi ya shimo hilo: lilizibwa lini, na nani, kwa kiasi gani.

Nyuso za watu na namba za magari zifiche kabla ya kuzituma popote. Na ujue unamwandikia nani: barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, nyingine za mijini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na barabara za mtaani, mifereji ya maji ya mvua na huduma ya maji ni kazi ya kaunti. Barua nyingi hufa kwa sababu zimeingia ofisi isiyohusika.

---

Msimamizi_Lami

Niongeze moja kuhusu mifereji. Watu wa Mombasa tunalijua jambo hili lakini hatulitumii kwenye picha: bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana jioni, kama saa kumi hivi. Midomo ya mifereji mingi inamwaga kwenye Hori la Tudor na upande wa Mbaraki. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa ya bamvua, mfereji hauna pa kumwaga, maji yanarudi mtaani. Siku ya maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, mvua ileile hupita bila shida. Kwa hiyo kwenye jina la picha ya mafuriko andika na hali ya bahari. Ukiona mtaa unafurika hata wakati wa maji kupwa, basi mfereji wenyewe umeziba, na hapo ni koleo tu linalotakiwa.

---

Mtembezi_wa_Makupa

Shukrani wote. Mimi nina za nguzo za taa. Zote zinaliwa miguuni, kiganja kimoja kutoka ardhini, pale vumbi la chumvi na maji ya mvua hukutana. Kutu inafunguka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Moja niliigonga kwa ufunguo ikatoa sauti ya debe. Kwenye zege ni vilevile: chuma cha ndani kikishika kutu kinavimba na kupasua zege kwa ndani, kwa hiyo ukiona mstari wa rangi ya chai chini ya kibaraza, usiegeshe gari hapo.

Tangu daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa 2022 nimekuwa nikipiga maji yanavyopita, pale ambapo tuta lilikuwa limeyafungia kwa miongo mingi. Nitazileta nikizipanga. Sikuwa na desturi ya tarehe.

---

Jirani_wa_Tudor

Kuhusu kupanga: jina la faili naanza na mwaka, mwezi, siku, halafu mtaa. Zinajipanga zenyewe. Na msitumie WhatsApp kwa njia ya kawaida kupelekea ofisini, maana inabana picha na kuondoa tarehe na mahali vilivyohifadhiwa ndani yake. Tumeni kama hati.

Nimeandika barua ya ukurasa mmoja. Nimeweka picha sita tu na jedwali la siku 23. Sikulaumu mtu. Sentensi ya mwisho inasema: tunaomba pachimbwe siku ya mgao, Jumanne au Ijumaa, kabla ya kuzibwa tena.

---

Kijana_wa_Majengo

Nimeenda kuangalia saruji yetu. Mzee wa lami amesema kweli, upande wa kushoto lami imeanza kuachana nayo, kidole kinaingia. Nimepiga picha. Hii ni ya kwanza yangu, tarehe nimeandika.

---

Jirani_wa_Tudor

Wiki tano zimepita, narudi na habari.

Walikuja Ijumaa saa tatu asubuhi, vijana wanne na msimamizi wao mama mmoja mwenye jedwali langu mkononi, limekunjwa mara nne. Walikata lami pembe nne. Chini ya kiraka hapakuwa na udongo, palikuwa na pango. Mmoja aliingiza mpini wa koleo, ukazama mpaka mkononi. Wakachimba hadi magotini. Bomba lilikuwa la chuma, unene wake vidole vinne, jeusi, limejaa vinundu vya kutu. Tundu lilikuwa upande wa chini, dogo, la kuingia kidole cha mwisho. Maji yalitoka kwa mstari mmoja mwembamba uliosimama imara kama uzi wa pamba. Mama yangu alikuwa ametoka na mkongojo wake kuangalia. Alikaa kwenye kiti cha muuza viazi karai mpaka walipomaliza.

Walikata kipande cha urefu wa mkono, wakaunganisha kipya cha plastiki, wakarudisha mchanga na kuushindilia, wakaacha wiki nzima bila lami ili kuona kama pataloa. Mama msimamizi aliniambia hilo halifanyiki mara nyingi, lakini ameniona na rula. Kile kipande cha chuma nilikiomba. Kiko hapa mezani.

*Picha ya 148.* Ijumaa, mgao umefunguliwa tangu alfajiri. Kavu.

*Picha ya 149.* Jumanne. Kavu.

*Picha ya 150.* Lami, pembe nne, kingo zimesimama. Msimamizi, zikague.

---

Msimamizi_Lami

Nimezikagua. Kona ya juu kulia naona kokoto kubwa kuliko nyingine, iangalie masika. Kwengine kote kazi safi.

---

Bi_Kibokoni

Alhamdulillahi. Mwanangu, sasa njoo na huku. Nimewaambia majirani wawili, mmoja ana albamu ya mamake, ameona ngazi zao nne.

---

Jirani_wa_Tudor

Nakuja Jumapili, Bi, baada ya adhuhuri. Rula nitakuja nayo. Picha zisibanduliwe kwenye albamu, gundi ya zamani huchana karatasi. Nitazipiga humohumo karibu na dirisha. Halafu tutoke tukasimame pale alipokaa mpigapicha wa 1968.